Muulize Mwalimu: Namba ya chini iko wapi?

Mwezi huu tumechagua barua tatu kati ya zile zilizotufikia kuhusu takwimu za magonjwa ya mlipuko. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu kuliko kawaida ya safu hii, kwa sababu aliyeiandika amebeba mzigo ambao naamini wasomaji wengi wameubeba kimyakimya. Majina yamehifadhiwa.

*

Assalaam aleikum Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 57, mkazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na nina kisukari tangu mwaka 2014. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa hapa Kenya, nilichukua daftari la hesabu la mjukuu wangu, lile la miraba, nikaanza kuandika kila jioni namba zilizosomwa redioni: sampuli ngapi zimepimwa, wagonjwa wapya wangapi, waliofariki wangapi, waliopona wangapi. Lilipojaa nikanunua jingine. Namba ikishuka nililala, ikipanda nilikesha nikisikiliza kifua changu. Mdogo wangu anaishi Tanga, na kwa kuwa namba za kule zilisimama pale pale kwa zaidi ya mwaka, nilimwonea wivu, na siku moja nilifunga mizigo nimfuate, mwanangu akanizuia mlangoni.

Nilidhani hayo yamekwisha. Agosti 2024 nikasikia kwamba Shirika la Afya Duniani limetangaza dharura kwa sababu ya homa ya nyani, ambayo sasa inaitwa mpoksi, na kwamba Kongo mwaka huo ilikuwa imefikisha wagonjwa zaidi ya 15,600 na vifo 537. Nikachukua simu nikagawanya, ikaja asilimia 3.4. Nikalitoa daftari la zamani, na ukurasa wa kwanza, juu kabisa, nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu maneno ya mkuu wa shirika hilo hilo ya tarehe 3 Machi 2020, kwamba asilimia 3.4 ya waliotangazwa kuwa na korona duniani walikuwa wamekufa. Namba ile ile. Tangu usiku huo, ugonjwa wowote ukitajwa mkono wangu unakwenda kwenye daftari, na wanangu wamenichoka. Nifundishe kuzisoma, au niambie niache.

Mama wa Kibokoni, Mombasa

Waaleikum salaam, dada yangu. Sitakwambia uache kabla sijajaribu kukufundisha, kwa sababu mtu mwenye hofu akinyang'anywa namba hubaki na uvumi, na uvumi hauna hata hesabu ya kusahihishwa. Tuanze na hizo 3.4 zako mbili. Umegawanya sawasawa, wala simu haikukudanganya, na hata hivyo namba hizo mbili hazisemi jambo moja.

Sisi tuliosoma hesabu kwa Kiswahili tulifundishwa kwamba sehemu ina namba mbili: ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Anayetangaza takwimu za ugonjwa husisitiza ile ya juu, kwa kuwa ndiyo yenye misiba na ndiyo inayomfanya msikilizaji aongeze sauti ya redio. Lakini maana karibu yote imekaa chini. Kila unapoambiwa kwamba watu kadhaa wamekufa, swali la kwanza ni kati ya wangapi, na la pili, ambalo ni gumu zaidi, ni hao waliingiaje katika hesabu.

Mwanzoni mwa Machi 2020 waliokaa chini ya ile 3.4 walikuwa watu waliokwisha kupimwa na kuthibitishwa, wengi mno kati yao wakiwa wa China, na hasa wa Wuhan, ambako hospitali zilielemewa na aliyepata kipimo mapema alikuwa yule aliyefika akiwa hoi. Aliyekohoa siku tatu nyumbani kwake akapona hakuwamo. Wakati huo huo kulikuwa na mahali pamoja ambapo karibu kila mtu alipimwa, mzima na mgonjwa, nayo ni meli ya watalii Diamond Princess iliyozuiliwa Yokohama, Japani, Februari 2020. Ilikuwa na watu 3,711. Waliopatikana na virusi walikuwa 712, na takriban nusu yao hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa. Waliokufa hawakufika 15, ingawa abiria wengi walikuwa wazee. Ukigawanya utaona kwamba hata katika meli iliyojaa wazee hiyo sehemu ilikuwa ndogo kuliko ile uliyoiandika kwa wino mwekundu. Virusi ni vile vile. Kilichobadilika ni nani aliyehesabiwa chini ya mstari.

Sasa ile 3.4 ya pili. Wagonjwa 15,600 wa Kongo hawakuwa wote wamethibitishwa maabara. Wengi walikuwa wa kudhaniwa, yaani mhudumu wa afya aliona vipele na homa akaandika, kwa kuwa sampuli kutoka vijiji vya mbali huchukua siku nyingi kufika maabara, au hazifiki kabisa. Tena waliokufa, kwa sehemu kubwa, walikuwa watoto wadogo katika maeneo ambako virusi hivyo vimekuwapo miaka mingi na ambako utapiamlo na umbali wa hospitali humaliza watu mapema. Aina mpya iliyoenea Kivu ya Kusini na kuvuka mipaka, ile iliyosababisha dharura kutangazwa, ilionekana zaidi kwa watu wazima, na nchini Burundi, ambako maelfu walithibitishwa, vifo vilihesabika kwa vidole. Mama wa Kibokoni mwenye kliniki ndani ya mji hakai katika asili ile ya watoto wa Kongo. Ninaposema hivi sitaki tuipunguze misiba ya watoto wale, ambayo ni mikubwa na ilistahili kutangazwa mapema zaidi. Nasema tu kwamba namba yao inaeleza hatari yao, haielezi yako.

Nikitaka uone kwa karibu jinsi asili inavyoweza kuwa ndogo kuliko ukweli, sina haja ya kukupeleka mbali na mlango wako. Mei 2020 serikali ilipofunga Mji wa Kale na Eastleigh, mtu asiingie wala asitoke, upimaji uliletwa mitaani, na wakazi wengi hawakujitokeza kwa kuhofia kuchukuliwa karantini. Wewe uliyashuhudia hayo. Jioni ile ile uliandika katika daftari lako idadi ya wagonjwa wapya wa Mombasa, na idadi hiyo haikuweza kumtaja hata mmoja wa wale waliofunga milango. Namba iliposhuka wewe ukalala, na huenda ilishuka kwa sababu jirani yako alikataa kutoka.

Watafiti wa Kilifi na wenzao walitafuta njia ya kuwafikia hao wasiohesabiwa, nayo ilikuwa njia ya busara sana. Walichukua mabaki ya damu iliyokuwa imetolewa na wachangiaji damu nchini Kenya kati ya Aprili na Juni 2020, wakatafuta ndani yake kingamwili zinazobaki mwilini baada ya mtu kuambukizwa korona, awe aliugua au hakuhisi chochote. Kati ya sampuli 3,098, zilizopatikana nazo zilikuwa 174. Baada ya kusahihisha hesabu kwa umri, mikoa na udhaifu wa kipimo chenyewe, walikadiria asilimia 4.3 ya watu wa umri huo nchini, na Mombasa asilimia 8.0. Sensa ya 2019 iliikuta Kenya na watu milioni 47.6, na zaidi ya nusu yao wana umri wa kati ya miaka 15 na 64, ambao ndio waliolengwa na utafiti; kwa hiyo asilimia 4.3 yao ni zaidi ya watu milioni moja. Linganisha na kilichotangazwa: hata kufikia tarehe 31 Julai 2020, wagonjwa wote waliokuwa wametajwa na Wizara tangu mwanzo walikuwa 20,636, na vifo 341.

Ninajua hofu itasemaje hapo, kwa kuwa yangu pia ilisema: kumbe ugonjwa ulikuwa umeenea kiasi hicho na sisi tunapishana Marikiti bila habari. Ni kweli, ulikuwa umeenea. Lakini usiishie juu ya mstari. Kama walioambukizwa walikuwa zaidi ya milioni badala ya maelfu, basi vifo vile vilevile vinagawanywa kwa namba kubwa mara nyingi zaidi, na nafasi ya aliyeambukizwa kufa inakuwa ndogo mara nyingi zaidi. Habari moja inatisha na kutuliza kwa wakati mmoja, na mtu anayetaka kuisoma kwa haki lazima azipokee zote mbili.

Na hapa sharti nikuongezee uzito kidogo, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimekupa faraja ya uongo. Namba ya juu nayo huvuja. Mjini Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti waliwapima virusi marehemu 364 waliofikishwa katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya kufundishia madaktari. Waliopatikana na virusi, kwa kipimo kilichotumiwa, walikuwa 70, karibu mmoja katika kila watano. Kati ya hao 70, wapatao 51 walikuwa wamefia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Si kila aliyekutwa na virusi aliuawa navyo, hilo lazima lisemwe. Lakini watu hao hawakuwa katika taarifa ya jioni ya Zambia, si katika kiasi wala katika asili. Ndiyo maana wataalamu wanaotaka kujua ukubwa wa msiba hawategemei vifo vilivyotangazwa peke yake. Huchukua vifo vyote, vya sababu yoyote, wakatoa idadi ambayo ingetarajiwa mwaka wa kawaida, na kinachobaki ndicho huitwa vifo vya ziada. Kwa njia hiyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria, Mei 2022, kwamba miaka ya 2020 na 2021 dunia ilipoteza watu milioni 14.9 zaidi ya kawaida, wakati vifo vya korona vilivyokuwa vimeripotiwa na nchi vilikuwa kama milioni 5.4.

Hilo linatufikisha kwa mdogo wako wa Tanga. Mwanzoni mwa Mei 2020 Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na taarifa mpya hazikutolewa tena hadi katikati ya 2021. Katika majedwali ya dunia mstari wake ulilala bapa kama bahari ya matlai asubuhi. Wewe ukasoma usalama. Lakini mstari ule haukuwa na habari yoyote ya ugonjwa, uwe mdogo au mkubwa. Ulikuwa na habari moja tu, kwamba hakuna aliyetangaza. Safu tupu haiandikwi sufuri. Ningependa ulirudie daftari lako, na mahali pote ulipoandika sufuri kwa Tanga katika miezi ile, ukate uandike "haijulikani". Nadhani utaona jinsi neno hilo linavyobadilisha ukurasa mzima, na jinsi ile safari uliyozuiwa mlangoni ilivyojengwa juu ya wino usiokuwa na kitu.

Kuhusu kupanda na kushuka kwa kila siku sitakuchelewesha. Tuseme Jumatatu zimepimwa sampuli 2,000 na wamepatikana wagonjwa 100, kisha Jumanne sampuli 6,000 na wagonjwa 240. Redio itasema wagonjwa wameongezeka zaidi ya mara mbili, na wewe utakesha. Lakini kati ya kila sampuli mia, Jumatatu walikuwa watano na Jumanne ni wanne. Mwishoni mwa juma maabara hupunguza kazi, katikati ya juma vifo vya siku zilizopita huingizwa kwa mkupuo, na mwenye kusoma siku moja moja husoma ratiba ya maabara akidhani anasoma ugonjwa. Jumlisha siku saba, ugawe kwa saba. Na pale sehemu yenyewe inapopanda juma baada ya juma, hapo usidharau: Kenya iliingia 2021 ikiwa na wagonjwa kama 2 kati ya kila sampuli 100 mwezi Januari, na kufikia Machi walikuwa 22, na huo haukuwa mchezo wa namba. Wodi zilijaa kweli, na Nairobi na kaunti nyingine nne zikafungwa.

Sasa tuje kwako wewe, kwa sababu naona katika barua yako yote hukuuliza hata mara moja swali ambalo ndilo lililokukesha: je, mimi nitakufa? Wastani wa nchi hauwezi kulijibu. Korona iliwachagua watu kwa umri kuliko magonjwa mengi tunayoyajua. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2020 kabla ya chanjo, nyingi zikiwa za nchi tajiri, zilionyesha kwamba kati ya watu 10,000 wa miaka 25 walioambukizwa alikufa kama mmoja; wa miaka 55, kama 40; wa miaka 75, kama 460. Ziweke hizo kwa watu unaowajua: katika watu elfu wa rika lako walioambukizwa, wanne walizikwa na 996 walibaki. Kisukari kinaipandisha namba hiyo, hasa kisipodhibitiwa, na sitakuficha hilo; chanjo inaishusha sana. Kwa hiyo vitu viwili vilivyo mikononi mwako, sukari na chanjo, vina uzito kuliko ukurasa wowote uliowahi kuujaza, na hakuna hata kimoja kati yake kinachopatikana kwa kusikiliza redio usiku.

Swali lako la mwisho lilikuwa uache au usiache. Ningekuomba ubadilishe namna. Chagua siku moja ya juma, mchana, baada ya chakula, na usiandike namba yoyote ya juu mpaka uwe umeandika chini yake ni kati ya nani, mahali gani, na walipatikanaje. Ukikosa cha kuandika chini, liache mraba wazi. Mara nyingi utaliacha wazi, na hiyo pia ni taarifa. Na huko kukesha ukisikiliza kifua, ambako umekutaja kwa sentensi moja kana kwamba si jambo, kutaje kwa muuguzi wa kliniki yako ya sukari siku ya miadi, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Usingizi uliopotea miaka kadhaa ni ugonjwa wenye tiba, na unapandisha sukari pia. Wanao usiwalaumu, huenda wakikuona na daftari wanarudi kwenye mwaka ule nao, na hawana pa kuandika.

*

Shikamoo Mwalimu,

Katika kikundi chetu cha ukoo mjomba alituma habari kwamba Agosti 2021, kule Israeli, karibu wagonjwa sita kati ya kila kumi waliolazwa na korona kali walikuwa wamechanjwa kikamilifu. Tangu siku hiyo mama hataki kusikia chanjo yoyote, hata ya wajukuu. Je, habari ile ilikuwa ya uongo?

Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Haikuwa ya uongo, na ndiyo sababu imedumu katika ukoo wenu kwa muda mrefu; uongo mtupu ungekwisha kukanushwa. Kilichokosekana ni kile kile nilichomweleza Mama wa Kibokoni, yaani asili, na hapa zilichanganywa mbili.

Chukua karatasi ukae na mama yako. Chora kijiji cha wazee 1,000. Israeli wakati ule ilikuwa imewachanja karibu tisa katika kila kumi ya wazee wake, basi wapake rangi wazee 900 na 100 uwaache bila rangi. Tuseme ugonjwa umepita, na kati ya wale 900 wamelazwa 9, na kati ya wale 100 wamelazwa 6. Ingia wodini uhesabu vitanda: viko 15, na 9 vina rangi. Sita kati ya kila kumi, kama alivyosema mjomba. Sasa toka nje ya wodi urudi kijijini. Aliyechanjwa alikuwa na nafasi ya kulazwa ya 9 kati ya 900, yaani mmoja katika mia. Asiyechanjwa, 6 kati ya 100. Vitanda ni vile vile, wagonjwa ni wale wale, na asiyechanjwa amekaribia kitanda mara sita zaidi.

Namba za kijiji nimezitunga mimi ili zigawanyike vizuri, lakini njia ni ile ile kwa Israeli ya kweli. Mjomba alihesabu vitanda; swali la mama yako lilikuwa la kijiji. Ningekushauri umwache mama apake rangi mwenyewe, kwa mkono wake, wala usimweleze mwisho kabla hajafika. Na mjomba asisutwe mbele ya kikundi. Alileta namba sahihi akiwa na nia ya kuwalinda ndugu zake, na mtu wa namna hiyo akionyeshwa ile karatasi huenda akawa wa kwanza kuisambaza.

*

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwendesha bodaboda, Bukoba. Marburg ilipotangazwa huku kwetu Kagera Machi 2023 walisema wagonjwa 9 na vifo 6. Rwanda mwaka 2024 wakapata wagonjwa 66 na vifo 15. Kisha Biharamulo, mwanzoni mwa 2025, wagonjwa 10, vifo 10. Abiria wangu wanasema ugonjwa huu ukiingia Tanzania unakuwa mkali zaidi. Mmoja aliteremka njiani kwa sababu nilipiga chafya. Je, ni kweli kwamba kwetu ni mia kwa mia?

Msomaji, Bukoba

Marahaba, kijana wangu, na pole kwa abiria aliyeteremka. Naye mpe pole, alikuwa anakokotoa.

Kwanza uone jinsi asili ndogo inavyoyumba. Sita kati ya tisa ni asilimia 67. Kama mgonjwa mmoja tu kati ya wale watatu waliopona angekufa, ingekuwa 78. Kama mmoja zaidi angepona, ingekuwa 56. Mtu mmoja, na asilimia inaruka kwa 11. Kwa wagonjwa wachache kiasi hicho afadhali tuache kabisa kusema asilimia, tuseme watu: walikuwa tisa, tumewazika sita, watatu wako hai.

Biharamulo ni tofauti, nayo ndiyo ninayotaka uikumbuke. Kati ya wale kumi, waliothibitishwa maabara walikuwa wawili. Wanane walikuwa wa kudhaniwa, na walikuwa wamekwisha kufa kabla mlipuko haujathibitishwa; wachunguzi walirudi nyuma, wakauliza familia, wakaona dalili na mahusiano, wakawaingiza katika hesabu. Kwa wanane hao kifo ndicho kilichokuwa mlango wa kuingilia. Mtu ambaye angeugua siku zile akapona shambani mwake bila kupimwa hakuwa na mlango rahisi wa namna hiyo. Mia kwa mia ile, basi, inaeleza pia kwamba ugonjwa uligunduliwa kwa kuchelewa, na jambo hilo ndilo linalostahili hasira zetu na fedha zetu kuliko ukali wa virusi katika udongo wa Kagera.

Rwanda ilikuwa kinyume. Wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya, watu walio karibu na maabara na vitanda, waliogunduliwa mapema wakapewa dawa za majaribio na uangalizi wa karibu, na waliokufa hawakufika robo. Marburg ni kali popote, katika milipuko ya zamani imeua kati ya robo na karibu tisa ya kumi ya waliohesabiwa, na upana wa nafasi hiyo unatokana kwa sehemu kubwa na nani aliyefikiwa na daktari, na lini.

Kwa kazi yako, ipo namba moja nyingine ambayo ungeweza kuwapa abiria. Marburg haienezwi na mtu ambaye bado hajaanza kuonyesha dalili, na haisafiri hewani kama mafua. Huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Aliyeambukizwa huonyesha dalili ndani ya siku 21. Kwa sababu hiyo mlipuko hautangazwi kuwa umekwisha mpaka zipite mara mbili yake, siku 42, tangu mgonjwa wa mwisho apone na kuthibitishwa hana virusi, au azikwe kwa usalama. Na akipatikana mgonjwa mwingine siku ya 41, hesabu inaanza upya kutoka moja. Kagera ilizimaliza siku hizo tarehe 2 Juni 2023, na Biharamulo ikatangazwa salama tarehe 13 Machi 2025. Ukitaka kuhesabu kitu wakati wa mlipuko, hesabu hizo. Ziandike kwa chaki ukutani pale kijiweni, moja kila asubuhi, ili abiria azione kabla hajapanda.